Mjomba Anachekesha Sana

9 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta umesimama, maana kukaa hujawahi kujua. Mimi sijambo kwa sehemu zote zinazoonekana. Msalimie shemeji, mwambie mashati aliyonipa bado yananitosha, ni vifungo tu vilivyoamua kuhama. Goti la mama linaendeleaje? Aliniambia kwenye simu. Kwamba aliniambia, hilo nakumbuka vizuri kabisa. Alichoniambia ndicho kimeponyoka.

Usishangae karatasi. Simu ninayo, lakini wewe mwenyewe ni shahidi: mara ya mwisho tuliongea mvua, tukaongea majirani, tukaagana, kisha nikakupigia tena ili nikwambie kile kilichonifanya nikupigie, nikawa nimekisahau kwa mara ya pili. Karatasi ina subira. Nikipotea katikati ya sentensi narudi juu, naisoma upya, najikuta.

Kazini mimi bado ni msaidizi wa fundi lifti. Kwenye kampuni yetu msaidizi ni mtu wa kubeba mkoba wa vifaa na kulaumiwa. Ili niwe fundi kamili lazima nifaulu mtihani wa maandishi, na huo mtihani nimeufanya mara mbili, na mara zote mbili ni wenyewe ulionifanya mimi. Nitaurudia mwezi wa saba. Vitendo sina shida, mikono yangu ina akili zake. Shida ni huku juu. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nadhani mimi nilipitishwa kwa kinyozi nikiwa bado mdogo.

Na jina nimepewa. Mafundi wananiita Nanihii. "Fundi, nipe ile nanihii." "Ipi?" "Ile ya kukazia nanihii." Juzi fundi mkuu alinituma chumba cha vifaa nikamletee bisibisi. Nikashuka ngazi ghorofa tisa, maana lifti yenyewe ndiyo tuliyokuwa tunaitengeneza, nikafika, nikatazamana na rafu. Sikuwa na habari hata kidogo nimekuja kufanya nini. Nikaona aibu kurudi mikono mitupu, nikachukua ufagio. Nilipofika juu nikihema, akauangalia ufagio, akaniangalia mimi, akasema, "Sawa. Basi fagia."

Halafu kuna ile ya wiki iliyopita! Nilifungua mlango wa lifti ghorofa ya tano, nikaenda kuchukua glavu, nikasahau kuweka kizuizi. Fundi mkuu akaja anaongea na simu, akanyanyua mguu aingie. Lifti haipo, iko juu kabisa! Ungemwona, Dada. Mzee na kitambi chake alicheza kwa mguu mmoja kama kinda la korongo, na simu ikatumbukia shimoni ikiwa bado inasema "halo, halo." Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye hakucheka. Ameandika niende kwa mtaalamu nikapimwe kichwa. Nimemwambia kwanza itabidi wakitafute kiliko.

Msomee hayo Kichwa wako. Hakuna mtu anayezicheka barua zangu kama binti yako, na mtu mwenye kumbukumbu ya namna ile akikucheka ni heshima. Bado anawapa wateja wa duka lako la udobi nguo zao bila kutazama namba?

Mdogo wako,
Nanihii


21 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika mapema, jibu ndilo limechelewa. Usiniulize kwa nini.

Goti la mama limepungua uvimbe. Amepewa fimbo ya kutembelea, anaitumia kunyooshea watu. Shemeji yako amehamishiwa zamu ya asubuhi pale kiwandani, kwa hiyo siku hizi tunaonana mchana kama majirani, tunaulizana habari za nyumbani kwetu. Mashine kubwa ya kufulia ilisimama siku tatu na mimi nikafua mashuka ya nyumba ya wageni kwa mikono, mikono hii unayosema haijui kukaa.

Dukani palitokea kosa. Suti ya bwana harusi ilipewa mwalimu wa kwaya, na ya mwalimu wa kwaya akapewa bwana harusi. Kama hujui, yule mwalimu ni mwembamba kama hanga ya kutundikia nguo. Bwana harusi ni mtu wa mwili. Aligundua asubuhi ya ndoa yake. Aliingia mbele za watu suruali ikimwishia juu ya kifundo cha mguu, koti halifungi, anapumua kwa vipande. Dada zake bwana harusi walikuja dukani Jumatatu. Sitaandika waliyosema, karatasi hii ni safi.

Kichwa hajambo. Analala sana. Umri, nadhani.

Hivi wewe, kwa kweli, ulianza kuvuta ukiwa na miaka mingapi? Nauliza tu.

Dada yako


14 Aprili

Dada,

Shikamoo tena. Nimecheka suruali ya bwana harusi mpaka jirani amegonga ukuta. Lakini nani alikosea? Usiniambie umeajiri mtu kama mimi! Si ungemwachia Kichwa mambo ya kaunta. Huyo hakosei. Nakumbuka, naam, mimi nakumbuka, alivyokuwa na miaka kumi akamwambia yule daktari wa meno, "Hili koti si lako, lako lina kifungo kimoja cha rangi nyingine." Daktari akabisha, akashindwa.

Goti la mama nimelifurahia. Fimbo nimeiogopa.

Umeniuliza nilianza lini. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nyuma ya tangi la maji la shule, na msokoto mmoja wa bangi tuliopokezana watu watano, mmoja anakohoa, wanne tunamcheka. Mimi nilivuta nikaanza kumweleza mwenzangu jambo kubwa sana kuhusu mawingu. Mpaka leo sijalimaliza. Baada ya hapo ikawa kila Ijumaa, halafu ikaonekana kwamba siku zote za wiki zina kitu kama Ijumaa ndani yake. Niliacha nikiwa na ishirini na mitatu. Hesabu ifanye wewe, mimi nikifanya itatoka jibu jingine.

Darasani nilikuwa mtu wa raha. Mwalimu wa jiografia aliniuliza mji mkuu wa nchi yetu, nikamwomba anipe herufi ya kwanza. Darasa zima chini! Tangu siku hiyo nilikuwa na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa hiyo. Sikuwa wa kwanza wala wa mwisho, nilikuwa yule anayechekesha.

Kwa mtaalamu nimekwenda. Nitakusimulia siku nyingine.

Nimekuuliza habari za Kichwa, ukanijibu kwa maneno sita. Wewe ukiwa na jambo unakuwa mchumi wa maneno. Kuna nini?

Nanihii


30 Mei

Mdogo wangu,

Mama hajambo, shemeji yako hajambo, mimi sijambo. Sasa nisikilize.

Aliyekosea ni Kichwa.

Si siku ile tu. Tangu mwezi wa kwanza anachanganya nguo, anaanza kumhudumia mteja na kumwacha amesimama, anakwenda nyuma kuchukua hanga na simwoni tena. Nikadhani ni mapenzi. Nikadhani ni damu imepungua, nikampeleka akapimwe damu, damu ikawa nyingi kuliko yangu. Mwalimu wake wa hesabu akaniita. Daftari la mwaka jana na la mwaka huu, ungesema ni watoto wawili tofauti, na huyu wa pili haanzi hata kuandika.

Wiki iliyopita nilikuwa napiga pasi sketi yake ya shule. Mvuke ulipopanda, harufu ikapanda nayo. Mimi ni dobi. Mtu akiniletea shati nalijua lilipolala. Najua nani ameacha sigara na nani amemdanganya mkewe kwamba ameacha. Nimenusa mji mzima miaka kumi na saba, nikashindwa kumnusa mwanangu mwenyewe ndani ya nyumba moja. Nicheke basi. Hilo nakupa uliandike kwenye vichekesho vyako.

Nilimpiga kofi. Sikuwa nimewahi. Akashika shavu akaniambia, bila ukali, kama anayenielimisha: "Mama, mbona Mjomba alivuta miaka tisa na yuko sawa? Si ndiye mtu anayechekesha kuliko wote kwenye ukoo?"

Barua zako anawasomea rafiki zake. Ufagio wanaujua wote. Wakivuta mmoja akisahau anachotaka kusema, wanasema, "Umekuwa Mjomba," wanacheka. Kwao wewe si mtu aliyepotelewa na kitu, wewe ni mtu anayeburudisha.

Nakuomba jambo moja. Mwandikie. Barua moja tu, bila mzaha. Hata mmoja. Ana miaka kumi na mitano.

Dada yako


11 Juni

Dada,

Shikamoo. Sina habari za kutanguliza.

Nimejaribu. Naapa nimejaribu. Nilianza, "Mpendwa Kichwa, bangi ni mbaya," nikasikia sauti ya mwalimu wa nidhamu ikitoka kwenye kalamu yangu, nikaikunja karatasi. Nikaanza, "Kichwa, tazama maisha yangu," nikayatazama na mimi, nikacheka, nikaikunja. Ya tatu ilikwenda vizuri hadi mstari wa nne, halafu bisibisi ikaingia sijui kwa mlango upi. Mimi mzaha siuweki, Dada, mzaha unanitoka, kama jasho. Chumba changu sasa kimejaa vibonge vya karatasi, aliyepita dirishani angedhani nataga mayai.

Basi nimwache yeye, nikwambie wewe lile la mtaalamu nililoruka.

Ni binti mdogo tu, ana miwani mikubwa. Alinisomea maneno, akaniambia niyarudie. Nikarudia machache, nikamtania kwamba mengine nimemwachia mgonjwa anayefuata. Akatabasamu, akaandika. Akanipa maumbo niyachore bila kuyatazama. Akanisomea hadithi fupi ya mwanamke aliyeibiwa mkoba, tukaongea mambo mengine, kisha akaniuliza ile hadithi ilihusu nini. Nikasema, "Hadithi ipi?" Nikacheka. Yeye hakuandika mara hii. Aliweka kalamu chini.

Akaniuliza nilianza lini. Nikamwambia. Akasema ubongo wa mtu katika umri ule bado unajengwa, hasa sehemu za kushika mambo, kutulia, na kupanga nini kitangulie nini kifuate, na wanaoanza wadogo wakavuta mara kwa mara miaka mingi ndio wanaoonekana zaidi kupata shida kama zangu. Mimi nikamwelewa kwa lugha ya kazini: ni kama kupakia watu kwenye lifti wakati mafundi bado wanafunga nyaya.

Nikamuuliza swali nililokuwa sijamuuliza mtu. Nikamwambia, "Je, ningekuwa nani?" Akasema hilo hakuna anayeweza kunijibu. Pengine kumbukumbu yangu ingekuwa nzito hata bila bangi, wako watu wa hivyo. Ningependa wampime yule mimi mwingine ambaye hakuvuta, tukae viti viwili, tulinganishwe. Hayupo. Hata anuani hakuacha.

Hilo nimeliandika bila mzaha mpaka pale kwenye anuani. Unaona ninavyoteseka?

Nina wazo. Likizo inakuja. Mtume Kichwa kwangu. Siwezi kumwandikia barua kavu, lakini nina mtihani mwezi ujao na nahitaji mtu wa kuniuliza maswali. Tusimwambie kingine. Anione tu.

Mdogo wako


19 Juni

Mdogo wangu,

Atapanda basi la Jumamosi asubuhi, atafika kituo kikuu saa tisa mchana. Amevaa sweta la njano ili hata wewe usimkose. Shemeji yako hakutaka. Alisema huwezi kumpeleka mwenye kiu kwa mlevi. Nikamwambia mlevi huyo ameacha miaka tisa sasa, na ni mdogo wangu.

USISAHAU KUMPOKEA.

Dada yako


3 Julai

Hujaandika. Kwenye simu yeye anasema "tuko sawa" na wewe unasema "tuko sawa." Watu wawili wakisema neno moja mimi huwa sipati usingizi. Andika.


6 Julai

Dada yangu,

Shikamoo, na pole kwa usingizi. Nilisubiri nipate la kusema.

Kwanza, nilimpokea. Kwa kuogopa kusahau Jumamosi nilikwenda kituoni Ijumaa, nikakaa mpaka mfagiaji akaniomba nihamishe miguu. Jumamosi nikaenda tena. Mfagiaji akasema, "Leo naye asipokuja, mzee, mwache, hakupendi." Kichwa alishuka na sweta lake la njano, akanikumbatia, akaniuliza ufagio uko wapi. Kumbe ni mrefu kunizidi. Lini alifanya hivyo?

Siku za kwanza zilikuwa sherehe. Nikitoka kazini tunakaa mezani, jua bado liko dirishani, yeye na kitabu changu cha mafunzo, mimi na chai. Anauliza kwa sauti ya hakimu: "Lifti ikizidi mwendo, ni nini kinachoibana isianguke?" Nikajibu vizuri, kidhibiti mwendo na breki za usalama, na kila kimoja kinavyofanya kazi. Akanipigia makofi. Kesho yake akaniuliza lile lile, nikatoka mtupu. "Mjomba, jana ulijibu!" Nikamwambia, "Jana nilikuwa kijana." Akacheka mpaka akashika meza.

Siku ya tatu akauliza tena. Nikamwambia, "Hilo ni jipya, hilo, tulipitie polepole."

Akaanza kucheka, kisha akaacha. Alikuwa anasubiri uso wangu ubadilike, ule wa mtu aliyemaliza kutania. Haukubadilika.

"Mjomba, acha utani."

"Sitanii, mama."

Akafunga kitabu, kidole chake kikabaki kwenye ukurasa. "Yaani kweli hukumbuki kwamba nilikuuliza?"

"Nakumbuka ulivaa blauzi ya kijani. Nakumbuka chai ilimwagika pale mezani. Swali silikumbuki."

Alinyanyuka akaosha vikombe. Vilikuwa visafi. Nikasikia maji yakienda muda mrefu. Na mimi hapo nilikuwa na vichekesho vitatu tayari mdomoni, Dada, vizuri kabisa, kimojawapo ningekulipisha kiingilio. Nikavimeza. Havina ladha nzuri vikirudi chini.

Akaniuliza akiwa amenipa mgongo, "Na yule fundi mkuu, wa mguu mmoja?"

Nikamwambia. Kwamba pale mlangoni, chini ya mguu wake, palikuwa na ghorofa tano za hewa na sakafu ya zege. Kwamba mkono wake wa kushoto ulikuwa umegusa fremu ya mlango kwa bahati tu, na kwa mkono huo alijivuta akarudi. Kwamba baadaye alikaa kwenye ngazi hakuweza kuwasha sigara, nami nilisimama mbele yake nikicheka kwa sababu sikujua kingine cha kufanya na uso wangu. Ana mke na wajukuu. Aliponiandikia niende kupimwa, angeweza kuandika nifukuzwe.

Kichwa akasema, "Nilipowasomea wenzangu, tulicheka sana."

"Niliandika ili mcheke."

"Kwa nini?"

Sikuwahi kuulizwa. Nikafikiri, na unajua kufikiri kwangu kunachukua nauli ya kwenda na kurudi. Nikamwambia, "Kwa sababu mtu akicheka haulizi."

Akarudi akakaa. Akasema, bila kuniangalia, "Ile suti ya bwana harusi. Nilikuwa nayo mkononi nikijua ni ya nani. Halafu nikawa sijui. Nikaogopa kumwambia Mama kwamba sijui, nikampa aliyekuwa karibu." Na kwamba darasani anasoma mstari, anafika mwisho, mwanzo umeondoka. Alidhani ni uchovu. Wenzake walimwambia mbona ni kawaida, umekuwa Mjomba.

Kisha akaniuliza, "Itarudi?"

Nilimwambia ninachojua, na ni kidogo. Kwamba mtaalamu alisema anayeacha mapema ana nafasi kubwa. Kwamba yeye ana miezi, mimi nilikuwa na miaka. Kwamba siwezi kumwekea sahihi.

"Na yako?"

"Kiasi imesharudi. Nyingine nadhani ilishaolewa huko iliko."

Hicho kilinitoka, nisamehe. Lakini hakucheka, na ajabu ni kwamba sikuumia alipoacha kucheka. Alinishika mkono tu, huu wenye grisi isiyotoka hata kwa sabuni zako.

Hakuniahidi kitu wala sikumwomba. Ahadi ya kwanza niliyompa mama niliivuta siku ile ile. Kesho yake baada ya kazi alifungua kitabu, akaniuliza lile swali la kidhibiti mwendo mara ya nne, kwa upole, kana kwamba ni jipya kwake pia.

Anapanda basi Jumapili. Mtihani wangu ni tarehe ishirini. Kumpiga tena usimpige.

Mdogo wako


10 Agosti

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu. Fimbo ameiacha, goti limepona, lakini anaikosa, anasema watu siku hizi hawamsikilizi. Shemeji yako amesema nikuandikie kwamba lile neno la mlevi amelifuta. Alilisema akiwa amegeukia televisheni, kwa hiyo ujue limetoka moyoni.

Kichwa alirudi kimya. Wiki ya kwanza nilimfuata kila chumba nikinusa kama mbwa wa forodha, mpaka akaniambia, "Mama, niulize tu." Kwa hiyo namuuliza tu. Ni kazi ngumu kuliko kunusa.

Ameomba arudi kaunta. Sasa anaangalia namba kama sisi wengine. Wateja wa zamani wanamtania, "Vipi leo unasoma?" anawajibu, "Nahakikisha." Mwalimu wa hesabu anasema anamwona anajitahidi, na kwamba tusitegemee mwujiza muhula huu. Namshukuru kwa kutonidanganya.

Sasa la juzi. Alikuja dukani mchana, nikiwa na pasi mkononi, akasimama mbali kidogo na pasi, akili hiyo angalau anayo. Akasema, "Mama, jana nilivuta. Nyumbani kwa rafiki yangu. Nimekuja kukwambia kabla hujanusa."

Mdogo wangu, mkono wangu ulinyanyuka wenyewe. Nikaiweka pasi chini. Nikaiangalia pasi. Nikamwambia, "Njoo ushike upande huo." Tukakunja mashuka ya nyumba ya wageni, yeye ncha zake mbili, mimi zangu mbili, tunakutana katikati, tunaachana, tunakutana. Tukaendelea hivyo mpaka rundo likaisha. Mwisho akasema, "Sikufurahi kama zamani. Nilikuwa namwona Mjomba na kile kitabu."

Sijui kama ameacha. Najua kwamba ananiambia. Ukiwa mzazi unaanza kwa kutaka mbingu, unamaliza ukishukuru kwa dirisha.

Nilikuwa na hasira na wewe, nikuambie ukweli. Kwamba ulimfanya acheke. Lakini mimi pia nilikuwa nacheka, miaka yote. Nilishakulilia ukiwa na miaka kumi na saba hadi nikachoka, kicheko kilipokuja nikakipokea kama mapumziko. Sikukuuliza hata siku moja ukoje. Nakuuliza sasa. Ukoje?

Na matokeo yanatoka lini? Mbona hata mtihani wenyewe ulivyokwenda hujaniambia?

Dada yako


1 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo, na msalimie mama. Mwambie ninaweza kumtafutia fimbo nyingine, ya kunyooshea tu.

Siku ya mtihani nilivaa shati la shemeji lenye vifungo vyote. Lile swali la kidhibiti mwendo lilikuwepo, ukurasa wa kwanza kabisa. Nilipoliona nilitaka kuinuka nimkumbatie msimamizi. Nililijibu lote. Nikajibu na mengine mengi. Halafu nikageuza ukurasa, na yale yaliyofuata nilijua kwamba nayajua, nilikuwa nayaona kwa mbali kama mtu unayemfahamu sura aliyesimama ng'ambo ya barabara, ukimpungia mkono hageuki. Muda ukaisha nikiwa bado napunga.

Matokeo yametoka jana. Nimefeli. Si kwa kuanguka vibaya kama zile mbili, ni kwa kujikwaa mlangoni, lakini mlango ndio huo, umefungwa. Fundi mkuu aliniita ofisini, akanisomea mwenyewe. Akasema nafasi ya kurudia ipo mwakani, na kwamba tangu mwezi wa saba sijaacha mlango hata mmoja bila kizuizi, kwa hiyo nitabaki msaidizi wake akipenda asipende. Nimeanza kujiambia kwa sauti kila ninachofanya: naweka kizuizi, naenda kuchukua glavu, narudi. Wapangaji wanadhani nasali.

Umeniuliza nikoje. Niko na miaka thelathini na miwili, na nina huzuni, Dada. Nimeiandika hiyo sentensi na nimerudi juu kuisoma, na naiacha ilivyo.

Jana hiyo hiyo saa nane Kichwa alinipigia. Alikuwa anajua matokeo yanatoka, alikumbuka tarehe yeye, mimi sikumkumbusha. Nilikuwa nimeshaandaa. Nilikuwa na kichekesho kizuri kuhusu mtihani kunizoea na kuniomba uchumba. Nikapokea, nikamwambia, "Nimefeli, mama," na kabla sijafika kwenye uchumba akasema:

"Pole, Mjomba."

Basi. Nikamsikia anapumua.

Mimi nimezoea kupewa vicheko. Tangu lile darasa la jiografia nimekuwa nakusanya vicheko. Pole sikumbuki lini nilipewa mara ya mwisho, na hapo simlaumu mtu, sikuwahi kuacha nafasi ya mtu kuipenyeza. Nilisimama kwenye korido ya ghorofa ya pili na simu sikioni, mkoba wa vifaa begani, hiyo pole sijui niiweke wapi.

Nikamwambia, "Asante, mwanangu."

Halafu nikakaa kwenye ngazi, nikalia kidogo, na fundi mkuu alipopita akanikuta, naye hakuuliza, akauchukua mkoba wangu akaubeba yeye mpaka juu.

Mdogo wako